Muulizeni Kiziwi Anataka Kazi Gani

Leo nina neno na wewe unayesikia. Vijana ninaotaka kuwazungumzia hawatalisikia neno hili, kwa kuwa ni viziwi. Wengine wanaishi Tuwan hapa Kitale, wengine wako Bungoma, na wote wanatafuta kazi. Habari zao wanazijua wenyewe. Anayehitaji kuambiwa ni afisa anayewapokea ofisini, mzazi anayewasindikiza, mwajiri anayewatazama mara moja na kutikisa kichwa, na wewe jirani unayewapungia mkono kila asubuhi ukadhani mmesalimiana vya kutosha.

Tuwan ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Saboti, Kaunti ya Trans Nzoia, na wenyeji wanaijua kwa wingi wa watu na uhaba wa ajira. Kazi nyingi hapa hupatikana kwa mdomo na sikio. Lori la mahindi likiegesha, mwenyewe hupaza sauti kwamba anataka watu wanne wa kupakua, na wanne wa kwanza kufika ndio wanaokula siku hiyo. Kwenye mjengo, msimamizi huita. Stendi ya matatu nayo ni kelele tupu kuanzia alfajiri. Kijana kiziwi huona wenzake wakikimbia, naye akakimbia nyuma yao bila kujua wanakimbilia nini, na akifika nafasi zimekwisha. Simlaumu mwenye lori. Nasema tu kwamba njia ambayo wengi wetu tuliipitia kupata kibarua cha kwanza, kwake imezibwa tangu mwanzo. Ndiyo sababu anaelekezwa ofisini: aende akashauriwe, apelekwe mafunzoni, atafutiwe pa kufanyia kazi.

Basi twende ofisini. Sitataja ni ofisi gani wala ni ya kaunti ipi, kwa sababu haya nimesimuliwa na vijana wa pande zote mbili, mkalimani akiwa kati yetu, na masimulizi yao yanafanana mno.

Binti ameingia na bahasha ya kaki. Ndani mna cheti cha kidato cha nne, kitambulisho, na kadi ya ulemavu aliyoihangaikia kwa miezi, akizunguka baina ya hospitali na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Amekuja na mdogo wake, mtoto wa shule. Afisa anainua macho, anampita binti, anamtazama yule mtoto na kumwuliza: "Huyu ana shida gani?" Kuanzia hapo mazungumzo yote ni ya afisa na mtoto. Mwambie aketi. Mwulize amesoma mpaka wapi. Mwambie kuna ushonaji, kuna ususi, achague. Mtoto huyo anajua ishara za nyumbani tu: kula, lala, njoo, pesa, mama ameita. Leo anatakiwa aeleze karo, muda wa mafunzo, cheti cha ufundi na kwenda kufanya mazoezi kazini. Anafanya analoweza. Anazungusha mkono kama anayeendesha cherehani, anaonyesha kidole kwa afisa, anatikisa kichwa kwa namna ya kuuliza. Binti anamtazama mdogo wake, anamtazama afisa, anaona wote wawili wanangoja. Anaitikia kwa kichwa.

Kwenye fomu inaandikwa kwamba mhusika amechagua ushonaji.

Hakuchagua. Aliitikia ili aibu ikome. Viziwi wengi hufanya hivyo mbele ya watu wanaosikia, kwa sababu tangu utotoni wamejifunza kwamba asiyeitikia huonekana mjinga au mkaidi. Afisa mwenye ujuzi analijua hilo, na haridhiki na kuitikia kwa kichwa. Humtaka mtu aeleze kwa lugha yake alichoelewa. Lakini hilo litawezekana vipi ikiwa chumbani hakuna mtu hata mmoja anayeijua lugha hiyo?

Wapo maafisa wanaosema, kwa nia njema kabisa, "Mimi humwandikia." Anachukua karatasi na kuandika kwa Kiswahili kilichonyooka: ungependa kufanya kazi gani? Kijana anaisoma karatasi, anaigeuza, anairudisha. Afisa anahitimisha kwamba hajui kusoma, na hukumu hiyo inaingia kwenye faili. Hapa kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui, na ningependa walishike. Katika shule zetu za viziwi, Lugha ya Ishara ya Kenya ndiyo inayosomwa na kutahiniwa mahali pa Kiswahili. Kijana kiziwi aliyefanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, alitahiniwa kwa Kiingereza na kwa Lugha ya Ishara. Kiswahili cha kuandikwa hakufundishwa, na cha kuzungumzwa hakukisikia. Kwa hiyo karatasi ile inampima kwa somo ambalo serikali yenyewe haikumfundisha. Mwandikie kwa Kiingereza, huenda akajibu, lakini jibu litakuja na mpangilio wa Lugha ya Ishara, ambayo ina sarufi yake: wakati hutangulia, neno la kuuliza huja mwisho. Asiyejua huona sentensi iliyovunjika na kumdhania mwandishi kuwa ni mzito wa akili. Anayejua huona mtu wa lugha mbili anayeandika kwa ile ya pili.

Na wapo wanaopandisha sauti, au wanaobana midomo kila silabi wakitaka isomwe. Jaribu mwenyewe mbele ya kioo, msikilizaji. Sema papa, halafu sema baba, halafu sema mama, bila kutoa sauti. Midomo inafanya kitu kilekile mara tatu. Sasa fikiria mtu akisoma midomo ya afisa anayeongea huku ameinamia fomu, kalamu mdomoni, dirisha lenye mwanga likiwa nyuma yake.

Nataka niwatendee haki maafisa hawa. Kenya haina kada kubwa ya washauri waliosomea kuwaandaa viziwi kwa ajira. Kazi hiyo imegawanyika: kidogo iko kwa afisa wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu katika kaunti, kidogo kwa afisa wa maendeleo ya jamii, kidogo kwa afisa wa leba, kidogo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na nyingine kwa walimu wa vyuo vya ufundi. Mtu mmoja huyohuyo anahudumia wasioona, viziwi, watumiao viti vya magurudumu na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, kaunti nzima, na mara nyingi hana bajeti ya mkalimani hata wa saa moja. Wengine hutoa pesa mfukoni mwao ili mtu arudi kwao. Hao nawaheshimu. Lakini uchache wa watu na pesa hauelezi kwa nini mtu anaketi mbele yako unazungumza na mdogo wake.

Nadhani mizizi yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa ilichunguza matunzo na urekebishaji wa watu wenye ulemavu nchini. Ukafuata Waraka wa Serikali Namba 5 wa mwaka 1968, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 vituo vya mafunzo vikaanza kufunguliwa: kile cha Viwandani Nairobi, kisha vya mashambani. Huku kwetu magharibi kuna Odiado kule Busia na Itando kule Vihiga. Ilikuwa hatua kubwa, na waliopata riziki kupitia vituo hivyo si haba. Ila fikra iliyotawala ilikuwa ya kumpa mlemavu ufundi wa mkono ili asiombeombe: kushona, useremala, kazi ya ngozi. Fikra hiyo imezeeka, lakini ingali imekaa kitini ofisini. Orodha ya kazi imeandikwa kabla mtu hajaingia mlangoni. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Na kiziwi, ambaye si mgonjwa, amefanywa hivyohivyo.

Sisemi kushona ni kazi duni. Pita Tuwan au soko la Chwele uone mafundi wanavyolisha familia kwa cherehani. Lakini waulize mafundi haohao hali ilivyo. Nguo za mitumba zimewabana, kilichobaki ni sare za shule kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, kurekebisha suruali, na magauni ya harusi kwa wenye majina. Unapompeleka binti kwenye ufundi ambao tayari una mafundi wengi kuliko wateja, na hakuupenda tangu siku ya kwanza, kisha ukampa cherehani siku ya kuhitimu na kupiga naye picha, usishangae ukirudi baada ya mwaka ukaikuta cherehani imefunikwa kwa leso pembeni, au imeuzwa. Watakwambia viziwi wavivu. Hakuna aliyemwuliza. Yule binti wa bahasha ya kaki, alipopata mkalimani, alieleza kwa kirefu kwamba anataka kuoka: mikate, keki, mandazi ya kuuzia shule. Amekuwa akioka kwa sufuria na makaa tangu akiwa shuleni, na anajua bei ya unga wa ngano kwa kila duka la mtaani kwao.

Wamarekani waliwahi kupita njia hii, na kilichowapata kinatuhusu. Kwa vizazi kadhaa shule zao za viziwi zilifundisha wavulana uchapaji. Ilikuwa kazi nzuri. Kelele za mitambo zilizowachosha wengine hazikuwasumbua, na magazeti makubwa kama Washington Post yaliajiri viziwi wengi. Kisha miaka ya 1970 kompyuta zikaingia katika vyumba vya uchapaji, na ufundi ule ukafa. Watu waliokuwa wameelekezwa wote kwenye mlango mmoja wakajikuta mlango umefungwa. Leo Marekani ina ofisi za kuwashauri watu wenye ulemavu kuhusu kazi katika kila jimbo, na sheria yao ya mwaka 1973 ilileta utaratibu ambao nautamani kwetu: mshauri na mteja wanaandika pamoja mpango wa kazi, na wote wawili wanautia saini. Mteja kiziwi anapata mkalimani kwa gharama ya ofisi. Viziwi wa huko bado wana malalamiko tele, kwamba mshauri anabadilishwa kila mara, kwamba wengine hawajui ishara hata za salamu, kwamba wanasukumwa kwenye kazi za chini. Lakini wanalalamika wakiwa na karatasi yenye saini yao mkononi.

Sasa nikupeleke kwa kijana mmoja wa Tuwan ambaye kazi yake ningependa kila mshauri aione. Anatengeneza simu. Kibanda chake ni meza, mwavuli, na kisanduku cha vioo kilichojaa betri na vifuniko vya simu. Ukija, usiite, gonga meza kwa kiganja, naye atahisi mtikisiko na kuinua uso. Unampa simu, anaigeuza, anaunganisha chaji, anaangalia mita. Akitaka kujua spika kama inafanya kazi, anapiga muziki na kuibana simu kiganjani. Anajua kwa ngozi kama sauti inatoka sawasawa au inakwaruza. Maikrofoni ndiyo hawezi kuipima peke yake, kwa hiyo muuza mboga wa jirani huongea kwenye simu na kisha kumwinulia dole gumba, au kumtikisia kichwa. Bei anaiandika kwenye kikokotoo na kukugeuzia. Unabishana naye kwa kufuta na kuandika nambari nyingine. Malipo ni kwa M-Pesa, na ujumbe ukiingia simu yake inatetema kifuani. Nilikaa hapo muda mrefu, na wateja walikuja na kuondoka bila mtu kuuliza mkalimani yuko wapi.

Kijana huyu alipokwenda kushauriwa, alipelekwa useremala. Alimaliza kozi, ana cheti, na anasema mbao hazikumvutia hata siku moja. Alipotaja kazi za vifaa vya umeme alijibiwa kupitia mjomba wake kwamba simu ni chombo cha kusikilizia, sasa kiziwi ataitengenezaje? Ufundi wa simu aliupata kwa kukaa kando ya fundi mmoja mjini, akitazama mikono, na kwa kutazama video. Hasemi hayo kwa hasira. Anachosema ni kwamba miaka ile ya useremala angekuwa Kitale National Polytechnic akisomea umeme, na leo angekuwa na cheti kinachofungua mlango wa kampuni. Mimi ndiye niliyekasirika.

Tuje kwenye sheria, maana wapo watakaosema serikali haijafanya kitu, na hiyo si kweli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Kifungu cha 120 kinaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilizungumzia kutenga asilimia 5 ya nafasi za kazi. Mwezi Mei mwaka 2025 ikasainiwa sheria mpya, ambayo Seneta Crystal Asige alikuwa mstari wa mbele kuitetea, na hii inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, awe wa umma au wa binafsi, atenge asilimia 5. Mwenye ulemavu aliyeajiriwa, akiwa na cheti cha msamaha wa kodi, halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 153,361 wenye shida ya kusikia, kuanzia umri wa miaka mitano. Kwa hiyo watu tunawajua na haki zao zimeandikwa. Hata hivyo ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma zimeonyesha tena na tena kwamba ofisi za serikali zenyewe ziko chini sana ya hiyo asilimia 5.

Na hata pale nafasi inapopatikana, kuna shimo ambalo washauri wetu wengi hawalitazami. Kijana amepata kazi kiwandani au kwenye hoteli. Afisa anafurahi, anaandika ripoti, faili inafungwa. Wiki ya tatu, katika kikao cha asubuhi, msimamizi anatangaza kwamba kuanzia Jumatatu zamu inaanza saa kumi na mbili badala ya saa moja. Wote wanasikia isipokuwa mmoja. Jumatatu anafika saa moja kasoro robo, amejivunia kuwahi, na anakuta msimamizi amenuna. Anaonyeshwa saa. Hajui kosa ni lipi. Baada ya siku chache linatokea lingine la namna hiyo: mahali pa kukusanyikia pamebadilika, au fomu ya likizo ilipaswa kurudishwa jana. Mwisho wa mwezi anaambiwa asirudi, na sababu iliyoandikwa ni utovu wa nidhamu. Mwajiri naye anaapa hatachukua kiziwi tena, na mwenzake wa pili anayekuja na bahasha yake analipia kosa ambalo halikuwa la mtu yeyote isipokuwa sisi tuliofunga faili mapema. Ujumbe mmoja wa WhatsApp kwa wafanyakazi wote ungeokoa ajira hiyo. Mshauri angefika pale mara moja kwa mwezi katika miezi ya mwanzo, angeligundua hilo kabla ya kuharibika. Angewafundisha wenzake kazini ishara chache: njoo, subiri, hatari, umefanya vizuri, kesho saa ngapi. Angemwonyesha mwajiri anayeogopa ajali kwamba taa ya kumulika inaweza kufanya kazi ya king'ora.

Ukitaka kuona watu waliofikiri hivyo tangu mwanzo, vuka mpaka uende Iringa, Tanzania. Mwaka 2003 Neema Crafts ilianza chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ikiwa na vijana viziwi watatu na ufundi ambao hakuna aliyekuwa ameuweka kwenye orodha yoyote: kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo mahali hapo pana mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja ndiye anayejifunza ishara au kuandika anachotaka. Hapo hakuna aliyeanza kwa kuuliza kiziwi hawezi nini. Hapa kwetu Pallet Café ya Nairobi nayo imeajiri wahudumu viziwi, na watu wanajaa. Kitale ina hoteli, Bungoma ina hoteli, Webuye vilevile. Sioni ni kwa nini jambo lililowezekana Iringa lishindikane Kanduyi.

Kuna suala moja lililobaki, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: nani anaketi upande wa pili wa meza. Viziwi niliozungumza nao hawaombi tu mkalimani. Wanauliza kwa nini mshauri mwenyewe asiwe kiziwi. Swali hilo ni la haki. Profesa Michael Ndurumo, Mkenya aliyepoteza usikivu akiwa mtoto, alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani na akaja kufundisha vyuo vikuu hapa nyumbani. Nchini Uganda, Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia Bunge mwaka 1996, mwaka mmoja tu baada ya Katiba yao ya 1995 kuitaja lugha ya ishara, na kukaa humo miaka mingi. Ikiwa kiziwi ameweza kufundisha chuo kikuu na kutunga sheria, kujaza fomu ya ushauri Bungoma kutamshindaje? Kijana anayeingia akakuta mtu anayempokea kwa ishara, mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kilekile cha mteja, hataitikia kwa kichwa ili aibu ikome. Atabisha. Atasema huu sitaki, nataka ule. Atauliza karo ni kiasi gani na chuo kina mkalimani au hakina. Hapo ushauri ndipo unapoanza.

Nawageukia sasa wenye uwezo wa kutenda, na naomba mnisikilize vizuri.

Wazazi wa Tuwan, wa Matisi, wa Kanduyi na wa Kimilili: jifunzeni lugha ya mtoto wenu. Taasisi ya Kenya ya Elimu Maalum, KISE, inafundisha Lugha ya Ishara, na karibu nanyi hakukosi mwalimu wa shule ya viziwi au kanisa lenye mkalimani. Mkienda ofisini na kijana wenu, msijibu kwa niaba yake. Afisa akiwauliza ninyi, mwelekezeni kwa mwenyewe.

Waajiri: mnapotangaza nafasi, wekeni nambari ya kutumia ujumbe mfupi, si ya kupiga tu. Kijana kiziwi aliyeona tangazo lenye nambari ya kupiga anategemea jirani ampigie, na jirani akiulizwa kwa nini mhusika hapigi mwenyewe, mazungumzo huishia hapo.

Na ninyi wakuu wa ofisi za Kitale na Bungoma, hamhitaji kungoja bajeti ya Nairobi ili muanze. Chagueni siku moja ya wiki, ijulikane kuwa ni siku ya viziwi. Mlipeni mkalimani aliyesomea kazi hiyo awepo siku hiyo tangu asubuhi, na wajulisheni vijana kwa ujumbe wa simu. Orodha ya kozi iwekeni kwenye droo mpaka mtu aseme anachotaka. Mkiandika mpango wake, mpeni nakala aisome kwa mkalimani kabla ya kutia saini. Akipata kazi, rudini kumwona kazini kabla ya mwezi kwisha. Na mara nyingine mtakapotangaza nafasi ya afisa wa kuwahudumia watu wenye ulemavu, mwiteni kiziwi mwenye sifa kwenye usaili, na siku hiyo mkalimani awe ameketi chumbani kabla yake.